Mtu wa Tatu Kwenye Msumeno

Msumeno wa watu wawili hausukumwi. Unavuta, halafu unaachia. Mwenzako anavuta, halafu anaachia. Kazi yote ni hiyo, na ningeweza kukomea hapa nikaenda zangu kunywa chai. Ila juzi nilipopita hapo Gakinjiro, kwenye karakana zenu za useremala, kuwasalimu, mmoja wenu, yule mwenye mdomo mrefu kuliko randa yake, aliniuliza mbele ya wateja: "Mzee Rama, hiyo kazi yenu ya kukaa shimoni kula vumbi siku nzima, ilikuwa na utamu gani?" Mkacheka wote. Nami nilicheka. Kisha nikarudi nyumbani sina raha, kwa sababu jibu ninalo na sijawahi kumpa mtu.

Basi zimeni mashine kidogo.

Nilifika Kigali nikitokea Buyenzi, Bujumbura, kijana wa mjini mwenye shati la mikono mirefu na viganja laini kama vya muuza marashi. Mjomba wangu wa Nyamirambo alinitafutia kazi kwa tajiri mmoja wa mbao, bwana mwenye pikapu na tumbo, tuliyemwita Patroni tu. Patroni alinitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, akasema, "Huyu ataenda chini, kwa Silvesta." Sikujua anasema nini, nikashukuru.

Kwa nyinyi mliozaliwa na umeme: gogo lilikuwa linapandishwa juu ya kichanja cha miti, kimo cha mtu na zaidi, na chini yake panachimbwa kidogo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anasimama chini yake, na kati yao uko msumeno mrefu wenye mpini huku na mpini kule. Wa juu ndiye mkubwa, anaongoza. Wa chini ndiye mdogo, anakula vumbi. Kijana hapandi juu huku mkubwa wake yuko chini. Kufanya hivyo ilikuwa sawa na kumtemea mate mbele ya watu.

Silvesta alikuwa mtu wa Kagugu, kilima cha pembeni mwa Kigali, enzi hizo ni mikaratusi na mashamba ya maharage tu. Mrefu, mkimya, Mkatoliki wa kwenda misa na koti lake kila Jumapili, na tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa akivumisha nyimbo za kanisani puani. Siku ya kwanza nilitaka kumpendeza. Nilimwona anavuta msumeno kwenda juu, mzee wa watu, nikamwonea huruma nikausukuma kumsaidia. Msumeno ukapinda, ukakwama ndani ya gogo kama mfupa kooni. Silvesta alishuka, akatoa viazi vitamu kikapuni, akala, akanigawia, akafuta mikono. Ndipo akasema, kwa Kiswahili chake cha Kigali: "Rama, wewe iko na huruma mubaya. Ya kwangu niachie mimi."

Tulipoanza tena alinifundisha kwa maneno mawili ya Kinyarwanda. *Kurura*, vuta. *Reka*, achia. Aliyarudia toka juu, kurura, reka, kurura, reka, hata mjomba akalalamika kwamba nayasema usingizini. Kurura niliijua siku ileile. Reka ilinichukua karibu mwaka.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, chukueni haya ya bure. Meno ya msumeno yanapindwa moja kulia, moja kushoto, kidogo tu, ili upate nafasi ya kupumua ndani ya mti. Tupa unaipitisha asubuhi, na usinoe ukiwa na hasira, maana jino lililonolewa kwa hasira linaonekana kwenye ubao. Ufa ukianza kujifunga nyuma ya msumeno, gonga kabari. Ukiwa chini vaa kofia yenye ukingo, funga mdomo, na ukiitwa usitazame juu, itika huku umeinama. Mimi nilitazama juu mara moja Patroni aliponiita, nikakohoa mkaratusi mpaka Pasaka. Ingawa mafua, kusema kweli, sikuyapata mwaka ule.

Na mstari. Tulikuwa tunaponda betri kuukuu za redio, ule unga mweusi tunauchanganya na maji, tunaloweka uzi. Mmoja anashika huku, mwingine kule, unauinua uzi katikati na kuuachia, pap, unabaki mstari mweusi mnyoofu. Mmoja unapigwa juu ya gogo kwa ajili ya mtu wa juu, mwingine upande wa chini kwa ajili ya mtu wa chini. Msumeno ukiiacha mistari hiyo, ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule, na Patroni anakuonyesha njia ya kwenu.

Sasa jambo lenyewe. Ulikuwa mchana wa kawaida kabisa, Kagugu, gogo la mkaratusi, baada ya kula maharage. Nayataja maharage ili msidhani nilikuwa nimefunga nikaanza kuona maluweluwe. Nilikuwa navuta na kuachia. Juu, Silvesta na wimbo wake. Ng'ambo ya bonde mtu anamwita mbuzi wake. Unga wa mbao unanishukia shingoni. Halafu, sijui saa ngapi, sikuona tena kwamba ni mimi ninayevuta. Kulikuwa na kuvuta tu. Mikono inapanda na kushuka na siwezi kusema ni ya nani, yangu au ya Silvesta. Ule wimbo ulikuwa kifuani mwangu, na yule mbuzi, na harufu ya mti, na jasho, vyote kitu kimoja kinachokwenda na kurudi, na hapakuwa na Rama aliyesimama pembeni akitazama. Mwanga sikuona, wala malaika. Mambo yalikuwa yaleyale ya kila siku, ila hayakuwa na mshono. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi, na hata kusema "nilikuwa" naona nakosea.

Kisha nikajisemea moyoni: ehe, Rama, umepata. Hapohapo msumeno ukakwama.

"Umefanya nini?" Silvesta akauliza toka juu.

"Nimefurahi, mzee."

"Reka," akasema, akashuka kugonga kabari.

Mwezi mzima nilikiwinda kitu kile. Nilikula maharage yaleyale, nikavaa shati lilelile. Nilifumba macho. Nilivumisha wimbo wa kanisani, mimi Mwislamu wa Buyenzi, na Silvesta akaniambia naimba vibaya. Kadiri nilivyojitahidi ndivyo msumeno ulivyolia. Nikamwendea shehe wetu kule Nyamirambo, nikamweleza yote, mbuzi na kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Unaswali?" Nikasema naswali. "Unakula vizuri?" Nikasema maharage. "Basi endelea na vyote viwili," akasema, akavaa viatu vyake. Nilihisi nimefukuzwa kwa adabu.

Aliyenijibu ni mke wa Silvesta, tuliyemwita Mama Klodi kwa jina la binti yake mchanga. Shamba lake lilikuwa karibu na kichanja chetu, na mchana alituletea chakula, mtoto mgongoni. Nilimuuliza huku naona haya: "Mama Klodi, kuna wakati husikii kama wewe ni wewe?" Alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Nikilima na mutoto mugongoni, yeye akilala, mugongo yangu nayo inalala. Sasa niambie, nani amelala?" Akaendelea kugawa viazi. Hilo ndilo somo refu kuliko yote niliyopata Kigali, na tangu hapo niliacha kuwinda.

Nisimame hapa niwaambie jambo mapema. Silvesta na Mama Klodi hawakuivuka Aprili ya tisini na nne. Mimi nilikuwa Bujumbura kwa mama yangu mgonjwa. Wao walikuwa Kagugu, na wakajiwa na watu waliofundishwa sana kutofautisha huyu na yule. Klodi alinusurika, nikamlea, na ndiye anayenipikia hiyo chai niliyoitaja mwanzo. Sitasimulia zaidi ya hapo, inaniuma mpaka leo. Nawaambia sasa ili msikae mkingoja, kwa sababu ninachotaka mkione ni yule mtu akiwa hai, yuko juu ya gogo, wimbo puani. Turudi huko.

Silvesta alikuwa na desturi moja niliyodhani ni mapenzi kwangu. Wapasuaji wakitoka kazini hubeba msumeno mabegani, umefungwa gunia, mmoja mbele na mmoja nyuma, chuma kikichezacheza katikati. Mkubwa ndiye hutangulia. Silvesta alianza kuniambia nitangulie mimi. Kazi ya uzi nayo akaniachia, ncha ya pili nikawa naifunga kwenye msumari. "Jifunze," alisema. Nikajiona nimepanda cheo, nikawa natembea kifua mbele njia nzima ya Kagugu na yeye nyuma yangu, ameshika ncha yake.

Sasa asubuhi moja nilikuwa na haraka na maneno mengi, uzi umekauka na mimi sina habari. Nikaupiga juu ya gogo, pap, nikaruka chini huku nasimulia habari za mpira. Silvesta alipanda, akasimama, akainamisha kichwa kulitazama gogo kwa muda. "Musitari muzuri, Rama," akasema. Nikajipandisha kwenye nguzo ya kichanja, nikachungulia. Gogo lilikuwa jeupe, safi, halina alama hata moja.

Nikasema, "Ngoja, mzee, nimesahau kabari huko juu," nikapanda, nikapiga uzi mwingine wenye weusi wa kutosha, nikashuka nimenyamaza. Tukapasua. Ubao ukatoka mnyoofu kama siku zote, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

Mchana nilimvuta Mama Klodi kando. Hakushangaa. "Ni mutoto wa jicho," akasema. "Yote mawili, tangu mvua za mwaka jana. Hospitali hataki, anaogopa kisu." Alifunga vizuri kitenge cha mtoto, kisha akanishika mkono. "Usimwambie kama iko unajua. Akijua, atashuka. Akishuka atakaa nyumbani, na huyu akikaa nyumbani nitamuzika. Mimi namujua."

Kwa hiyo nikawa nimebeba siri ya mzee, na mtu akibeba siri mikono yake inakuwa mizito. Nilianza kumchunga. Niliondoa vijiti njiani pake, nilipiga mistari minene kama njia ya siafu. Yeye akaendelea kuvumisha nyimbo zake.

Ndipo upepo ukaangusha mti Masaka, nje kidogo ya Kigali, kwenye kiwanja cha mama yake Patroni. Umusave, mti wa mbao nzuri za milango, aliupanda marehemu mumewe. Bibi yule alitaka mlango na meza kutoka kwenye mti huo, si mwingine. Patroni alitupeleka mwenyewe kwa pikapu, na kichanja kilipokuwa tayari akasimama mbele yetu mikono kiunoni. "Mti kama huu hauna wa pili," akasema. "Silvesta, nimesikia maneno. Harusini ulimimina bia nje ya glasi. Mkiuharibu, msirudi kwangu, wewe na huyu." Akanigeukia. "Leo Rama apande juu."

Wimbo wa Silvesta ukakatika. Alisimama ameshika mpini, uso uleule, ila nilimwona kidole gumba kinapapasa mti wa mpini, kwenda na kurudi. Nilijua nikipanda, yeye hatashuka chini ya gogo, ataenda moja kwa moja nyumbani kukaa.

"Patroni," nikasema, "mimi juu naona kizunguzungu."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Hata kitanda changu nimekikata miguu."

Bibi alikuwa mlangoni anachambua maharage, akacheka peke yake. "Waache wafanye kazi, weye," akamwambia mwanawe. "Umri huo wote bado unasumbua watu." Patroni akavuta kiti, akakaa karibu na gogo kuliko msumeno wenyewe.

Silvesta akapanda. Nikaingia chini, na hapo nikafanya kazi mbaya kuliko zote za maisha yangu. Nilitaka kushika mistari yote miwili. Jicho langu kwenye mstari wa chini, akili yangu kwenye mstari wa juu nisiouona, masikio kwa Patroni, moyo kwa Mama Klodi. Nikahisi msumeno unataka kwenda kulia, nikaurudisha. Nikahisi unataka kushoto, nikaukaza. Ukaanza kupiga kelele. Ufa ukaacha mstari, kidogo, unene wa ukucha. Kiti cha Patroni kikalia, ameinuka.

Silvesta akasimamisha msumeno. Akainama juu ya gogo kama anayetafuta kabari, akasema polepole nisikie mimi tu:

"Rama. Kuna mutu wa tatu kwa musumeno."

"Nani, mzee?"

"Simujui. Iko anaogopa sana. Mutoe."

Nikacheka kule chini, unga wa mbao ukanijaa mdomoni. Alikuwepo kweli, yule mtu. Alikuwa anamlinda Silvesta, analinda mti wa bibi, analinda kibarua chake, na katika kulinda kote huko alikuwa anasukuma. Nikamwachia aende zake. Sikumfukuza, nilimwachia tu, kama mpini unapokwenda juu. Kurura. Reka.

Msumeno ulirudi mstarini wenyewe. Na kile kitu nilichokiwinda mwezi mzima kikaja bila kuitwa, kikakaa. Maharage ya bibi yanadondoka kwenye ungo, kiti kinalia, wimbo umerudi, unga unashuka, na vyote vilikuwa ni kule kuvuta na kule kuachia. Hapakuwa na kipofu na mwenye macho. Juu na chini ilikuwa mikono hiyohiyo. Safari hii sikujipongeza.

Gogo likafunguka. Patroni alipima ubao kwa uzi, akafumba jicho moja, akatazama kutoka huku, akaenda akatazama kutoka kule. "Watu ni waongo," akasema. "Silvesta, macho yako ni makali kuliko yangu." Silvesta akajibu, "Yego," ndiyo, akaanza kuupaka msumeno mafuta.

Jioni pikapu ilitushusha chini ya kilima cha Kagugu tukapanda kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma, msumeno mabegani. Nilivumilia nusu ya kilima nikashindwa.

"Mzee, leo nani amefuata mstari wa juu?"

"Si wewe?"

"Mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi nilidhani ni wewe," akasema.

Tukapanda hatua chache. Kisha msumeno ukaanza kutikisika begani kwangu, nikajua mzee anacheka. Nami nikashikwa. Tulicheka mpaka ikabidi tukae ukingoni mwa barabara, na watu waliopita wakatusalimia kwa tahadhari, kama wanavyosalimiwa walevi.

"Ile siku ya uzi mukavu," akasema alipopata pumzi, "nilijua. Uzi mukavu iko na sauti yake."

"Sasa kwa nini ulisema mstari mzuri?"

"Nilitaka kuona kama utanishusha." Alijifuta machozi kwa mkono wa shati. "Ukapanda, ukapiga ingine, ukanyamaza."

Nilimpenda sana mtu yule, na sikuwahi kumwambia, nikidhani muda tunao.

Asubuhi yake tulirudi kwenye mikaratusi yetu. Patroni hayupo, hakuna mtu wa kututazama, ila Mama Klodi anayelima ng'ambo ya mfereji. Silvesta alivua koti akalitundika. Akapapasa nguzo za kichanja moja baada ya nyingine, na badala ya kupanda akainama, akaingia chini, akasimama pale mahali pangu, akaivaa kofia yangu yenye ukingo.

"Panda," akasema.

"Mzee, hapo si mahali pako."

"Huku hakuna kitu ya kuona, ni vumbi tu. Panda, Rama, kazi inangoja."

Nikapanda. Na kile kizunguzungu nilichomdanganyia Patroni kikanishika kweli juu ya gogo. Ng'ambo Mama Klodi alikuwa amesimama, jembe mkononi, mtoto mgongoni, anatutazama. Nikashika mpini. Nikamfikiria mzee wa watu, chini kule, vumbi linamshukia, nikamwonea huruma, nikasukuma.

"Reka," akasema toka chini.

Nikaachia. Wimbo ukaanza, na mpaka leo siwezi kuapa ulianzia puani mwa nani.